Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Je?

Asubuhi ya tarehe 27 Desemba 1985, katika kambi ya utafiti iitwayo Karisoke, juu kwenye milima ya volkano kaskazini mwa Rwanda, wafanyakazi walikwenda mbio kumwamsha kijana wa Kimarekani aliyekuwa amelala kibandani mwake. Walimpa habari kwa Kiswahili. Hawakuwa na muda wa kupanga sentensi. Walitaja jina la bosi wao, Dian, kisha wakataja neno moja na kulirudia: kufa, kufa.

Ndugu msomaji, habari hiyo ilizunguka dunia kwa Kiingereza na Kifaransa. Iliandikiwa vitabu, na mwaka 1988 ikaonekana hata kwenye filamu ya Hollywood. Lakini mgeni wa kwanza kuipata aliipata kwa lugha yetu hii hii, tunayonunulia mchicha pale soko la Kilombero. Ndiyo maana mimi, kijana wa Moshono niliyeishia kidato cha nne, nimepata ujasiri wa kuishika kalamu na kuizungumzia. Mauaji hayo yana miaka arobaini sasa, na muuaji bado ni kitendawili.

Niseme ukweli wangu mapema. Sikuanza kufuatilia habari hii kwa uchungu. Niliianza kwa tamaa. Nimekua nikisoma riwaya za upelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walinifundisha kusoma kuliko vitabu vya shule. Raha ya riwaya zile ni kwamba hata mambo yavurugike namna gani, ukifika ukurasa wa mwisho muuaji unamjua na roho yako inatulia. Nilitaka kuandika ya kwangu. Nilipokutana na habari ya Karisoke nikaruka juu: mlima, ukungu, panga, mwanamke wa Kizungu anayeishi peke yake, na maadui kila upande. Nikasema, bwana, hapa riwaya imejiandika yenyewe, kazi yangu ni kumtafuta tu muuaji.

Kumbe nilikuwa najidanganya.

MAMA WA MLIMANI

Dian Fossey alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1932. Hakuanza kama mwanasayansi wa wanyama. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia watoto walemavu hospitalini, mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Mwaka 1963 alikopa fedha akaja Afrika kutembea. Katika safari hiyo alifika hapa kwetu Olduvai, kwenye lile bonde la Ngorongoro ambalo watalii wa Arusha hupelekwa hadi leo, akamkuta Dk. Louis Leakey akichimbua mifupa ya kale. Mgeni akateleza, akaangukia kwenye shimo la uchimbaji, akaumia kifundo cha mguu. Mwanzo gani huo! Lakini Leakey hakumsahau. Mwaka 1966 walipokutana tena huko Marekani, alimpa kazi: aende akawachunguze gorila wa milimani, kama Jane Goodall alivyokuwa akiwachunguza sokwe wa Gombe, kule Kigoma.

Alianza Januari 1967 mahali paitwapo Kabara, upande wa Kongo. Miezi michache tu ikapita, nchi ikachafuka. Mwezi Julai askari walimteremsha mlimani, wakamzuia Rumangabo. Akafanikiwa kutorokea Uganda. Mtu mwingine angetafuta ndege akarudi kwao. Yeye aliuzunguka mlima akaingia kwa mlango wa Rwanda. Tarehe 24 Septemba 1967 alisimamisha mahema yake katikati ya mlima Karisimbi na mlima Visoke, penye kimo cha mita 3,000 hivi. Akachukua "Kari" ya mlima wa kwanza na "soke" ya wa pili, akapata Karisoke. Kwa sisi tunaoamka kila siku tukitazamana na Mlima Meru, tupime hivi: ni juu zaidi ya Miriakamba, wanapolala wapandaji wa Meru usiku wao wa kwanza. Mtu akae huko karibu miaka 18, kwenye baridi na matope! Wenyeji wakampa jina la Nyiramachabelli, mwanamke aishiye peke yake mlimani.

Lakini hebu tulitazame jina hilo kwa makini. Peke yake? Karisoke ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, mali ya umma wa Rwanda, na kambi ilikuwa na watu. Walikuwepo wapagazi, mpishi, wakata kuni, walinzi wa doria na wasoma nyayo. Wengi walikuwa watu wa vijiji vya chini ya mlima, na Dian alizungumza nao kwa Kiswahili, lugha aliyojifunza ukubwani.

Kazi ya msoma nyayo inastahili kuelezwa, maana bila yeye hakuna utafiti. Kila jioni gorila hutandika kitanda kipya cha majani, na asubuhi hukiacha. Msoma nyayo huanzia kwenye vitanda vya jana. Anafuata majani yaliyolala, mashina yaliyotafunwa, kinyesi ambacho bado kibichi, mpaka anasikia tawi linavunjika mbele yake. Hapo anasimama, anampisha mwenye daftari. Mwenye daftari anaandika, na mwisho wa yote jina linalokaa kwenye jalada la kitabu ni la mwenye daftari. Silaumu. Ndivyo mambo yalivyo. Lakini tukumbuke.

VITA VYA KARISOKE

Hifadhi ile ilizungukwa na wakulima wasio na ardhi ya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya msitu ilikatwa ili watu wapande pareto, zao ambalo hata wazee wetu wa huku kaskazini wanalijua. Msitu ukapungua. Wachungaji wakaingiza ng'ombe humo humo. Majangili wakatega mitego ya kunasa paa na nyati, gorila nao wakanasa. Na kulikuwa na biashara mbaya zaidi. Mwaka 1969 watoto wawili wa gorila walikamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Dian aliwatibu wakapona, wakasafirishwa hivyo hivyo, na wote wawili wakafa huko mwaka 1978.

Kisha likaja la Digit. Huyu alikuwa gorila dume ambaye Dian alimfahamu tangu akiwa mdogo, na walizoeana kama majirani. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimuua Digit kwa mikuki, wakamkata kichwa na mikono. Tangu siku hiyo utafiti ukawa kando, vita vikawa mbele. Dian alianzisha mfuko wa fedha kwa jina la Digit, akalipa watu wa doria, wakang'oa mitego. Hapo wote tunampigia makofi.

Lakini vita vina upande wa pili, na nisingekuwa mkweli nikiuficha. Majangili waliokamatwa alifika hata kuwachapa kwa majani yanayowasha. Aliwatisha kwa vinyago na uchawi wa kuigiza. Ng'ombe waliolishwa ndani ya hifadhi aliwapiga risasi. Aliupinga utalii wa gorila wakati serikali na mashirika mengine yalikuwa yameanza kuuona kama njia ya kupata fedha. Alikuwa na ugomvi na watafiti wenzake, na wafanyakazi wake, na maofisa. Alitoka mwaka 1980 kwenda kufundisha Marekani, akaandika kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichotoka mwaka 1983, akarudi mlimani. Viza zake zikawa za muda mfupi mfupi, kila mara anateremka kwenda Kigali kuomba tena. Mwezi huo huo wa Desemba 1985 alipata viza ya miaka miwili. Furaha kubwa. Majuma machache baadaye akauawa.

USIKU WENYEWE

Hapa ndipo moyo wa mwandishi wa upelelezi ulinidunda. Tazama vidokezo.

Kibanda kilikuwa cha mabati. Muuaji, au wauaji, walikata tundu ukutani upande wa chumba cha kulala. Imeandikwa kwamba tundu lilikatwa mahali ambapo ndani hapakuwa na fanicha ya kumzuia mtu. Je, mgeni angepajua?

Dian alipigwa panga la uso. Vyombo vilipinduliwa, vioo vikavunjika, na bastola ikakutwa sakafuni karibu naye pamoja na risasi. Panga lenyewe linasemekana kuwa moja ya mapanga aliyowanyang'anya majangili na kuyaweka kama mapambo.

Fedha hazikuchukuliwa. Maelfu ya dola yalikuwepo. Hundi za kusafiria zilikuwepo, hata pasipoti. Mwizi gani huyo anayekata bati usiku, anamuua mtu, kisha anaacha dola?

Alizikwa pale pale Karisoke siku ya mwisho ya mwaka, pembeni mwa kaburi la Digit, kwenye makaburi ya gorila aliyoyatengeneza mwenyewe. Siku hiyo Digit alikuwa ametimiza miaka minane kamili tangu auawe.

KESI

Polisi waliwakamata wafanyakazi wa Kinyarwanda wa kambi. Miongoni mwao alikuwemo mtu aitwaye Emmanuel Rwelekana. Alikuwa msoma nyayo, na Dian alikuwa amemfukuza kazi kabla ya hapo. Wenzake wote waliachiwa. Rwelekana akabaki ndani. Kisha ikatangazwa kwamba amekutwa amekufa gerezani, amejinyonga.

Yule kijana wa Kimarekani aliyeamshwa asubuhi ile, Wayne McGuire, mtafiti msaidizi, aliendelea kukaa kambini kwa miezi kadhaa. Mwezi Julai 1986, baada ya kudokezwa na maofisa wa nchi yake kwamba angekamatwa, alipanda ndege akaondoka. Rwanda ikamshtaki, ikisema alimuua Dian ili aibe maandishi ya kitabu chake kilichokuwa kinaandaliwa. Zilitajwa nywele zilizokutwa mikononi mwa marehemu. Desemba 1986 mahakama ilimhukumu kuuawa kwa risasi, yeye mwenyewe akiwa hayupo kizimbani. Kesi ilikuwa fupi mno. Marekani na Rwanda hazikuwa na mkataba wa kurudishiana watuhumiwa, kwa hiyo hukumu ile ilibaki kwenye karatasi. McGuire alikana tangu mwanzo, na wengi waliomfahamu Dian hawakuikubali hukumu hiyo. Nikijiuliza kama msomaji wa Joram Kiango, nami nakwama. Mtu anayetaka kuiba karatasi katika kambi anayoishi, ambako mlango anaujua, ana haja gani ya kukata bati?

Upande wa mashtaka ulidai pia kwamba Rwelekana aliwahi kujaribu kumuua Dian kwa panga, na ndiyo sababu alifukuzwa. Dai hilo lilitolewa wakati yeye hawezi tena kulijibu.

Watu wengine wakasema ni majangili, kisasi. Wengine wakasema ni wakubwa, waliokuwa na biashara zao za magendo mpakani na hawakutaka jicho la mwanamke huyu. Na hapa, ndugu msomaji, habari inaacha volkano za Rwanda na inakuja kukaa kilomita chache tu kutoka nyumbani kwetu.

HABARI INAFIKA ARUSHA

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu ya Rwanda tarehe 8 Novemba 1994, na mwaka uliofuata ukaamua makao yake yawe Arusha. Kesi zikasikilizwa pale AICC, kwenye jengo ambalo hapo awali lilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani. Rika langu lilikua likiyaona magari meupe yenye herufi za UN yakipita Kijenge. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni gari la daktari. Watu 93 walishtakiwa kwenye mahakama ile mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015.

Mmoja wao aliitwa Protais Zigiranyirazo. Alikuwa shemeji yake Rais Juvénal Habyarimana, na tangu mwaka 1974 hadi 1989 alikuwa mkuu wa mkoa wa Ruhengeri. Karisoke ilikuwa ndani ya mkoa huo. Alipokamatwa Ubelgiji mwaka 2001, magazeti ya nje yalikumbusha kwamba jina lake liliwahi kutajwa na waandishi kuhusiana na kifo cha Dian Fossey. Naomba tuelewane hapa: hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo, na kutajwa si kupatikana na hatia. Kesi yake ya Arusha ilihusu mambo ya mwaka 1994. Ilianza mwaka 2005. Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Novemba 2009 majaji wa rufaa walitengua hukumu hiyo wakamwachia huru. Akabaki hapa Arusha kwa miaka mingi, mtu huru asiye na nchi ya kumpokea, hadi Desemba 2021 alipopelekwa Niger pamoja na wenzake. Alifia Niamey Agosti 2025.

Nilipogundua hilo nilishikwa na kiu. Kumbe kwa miaka yote hiyo, wakati mimi nacheza chandimu na wenzangu Moshono, mji wetu ulikuwa na majaji, wapelelezi, wakalimani, na mashahidi kutoka mikoa ile ile ya Rwanda! Kwa nini hakuna aliyeuliza habari za usiku ule?

Jibu liko kwenye sheria yenyewe. Mahakama ile ilipewa mamlaka juu ya matendo ya kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba 1994. Basi. Siku moja kabla ya hapo, mlango umefungwa. Hata kama shahidi angesimama kizimbani aseme nilimwona aliyekata bati, angeambiwa, bwana, hilo si la hapa. Sidhani kama sheria ilikosea. Wafu wa mwaka 1994 walikuwa mamia ya maelfu, na mahakama isiyo na mpaka haimalizi kazi. Lakini ndivyo kifo cha Karisoke kilivyopita Arusha bila kushuka kituoni.

SWALI LA MZEE

Basi mimi nikaona kwamba kama majaji hawawezi, mwandishi anaweza. Nikakaa chini nikaandika sura ya kwanza. Riwaya inahitaji muuaji, na wakubwa nisingethubutu kuwagusa, na Mmarekani sikuona sababu yake. Nikamchagua aliyekuwa rahisi. Nikamchukua msoma nyayo, nikambadilisha jina, nikampa macho mekundu, nikampa ulevi wa pombe ya ndizi, nikampa kicheko kibaya. Nikampa na panga.

Nina jirani yangu mmoja, mzee ambaye ujana wake wote aliutumia kubeba mizigo ya wageni Mlima Meru. Ndiye msikilizaji wangu. Hasomi sana, ila masikio yake ni ya hatari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Umekuja na makaratasi?"

Nikamsomea sura nzima, chini ya mgomba wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikangoja sifa.

"Huyu uliyempa macho mekundu," akasema, "ulimwona wapi?"

"Sikumwona, mzee. Ni riwaya. Ila alikuwepo mtu wa namna hiyo, wa kweli."

"Mahakama ilimwona na hatia?"

"Hapana. Alifia gerezani kabla. Walisema amejinyonga."

"Basi mahakama imekuwa wewe."

Nikanyamaza. Yeye akaendelea, bila hasira, kama mtu anayekumbuka mambo ya jana. Akaniambia kuwa zamani mlimani, mgeni akipoteza saa au kamera, wa kwanza kufunguliwa mfuko alikuwa mpagazi. Hakuna aliyeuliza. Watu wanapangwa mstari, mifuko inamwagwa chini. "Na saa ikionekana baadaye ndani ya soksi ya mgeni mwenyewe," akasema, "hakuna anayekurudishia vitu vyako mfukoni. Unaviokota mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nimekunja karatasi zangu mara nne. Usiku ule nikafanya kazi ambayo nilitakiwa kuifanya mwanzo. Nikachukua kila nilichokuwa nimekiandika kwenye madaftari kuhusu Karisoke, nikahesabu. Habari za Dian zilijaza kurasa na kurasa: utoto wake, mapenzi yake, sigara zake, kicheko chake, chakula alichopenda. Habari za Digit, ambaye ni gorila, zilipata kurasa zake pia. Habari za Emmanuel Rwelekana zilikuwa mistari minne. Alikuwa msoma nyayo. Alifukuzwa kazi. Alikamatwa. Alikutwa amenyongeka.

Mtu aliyefia mikononi mwa serikali, kabla ya hakimu yeyote kumsikiliza, mistari minne! Ingekuwa ni riwaya ya Musiba, Willy Gamba angeanzia hapo hapo. Angemtafuta askari aliyekuwa zamu. Angeuliza kamba ilitoka wapi, alilala na nani chumba kimoja, nani alimtembelea mara ya mwisho, na nani alinufaika na ukimya wake. Maana mtuhumiwa aliyekufa ni mtu mzuri sana kwa upelelezi wa haraka. Hakani. Hakati rufaa. Ukimwongeza kwenye hadithi yoyote anakubali.

Watazame watu watatu waliotajwa katika habari hii. Mmarekani alipata tiketi ya ndege. Mkubwa, katika kesi yake nyingine, alipata mawakili na majaji wa rufaa, na wakamwachia huru. Msoma nyayo alipata kamba. Sisemi kwamba alikuwa mwema. Sisemi kwamba hakufanya. Nasema yeye peke yake ndiye ambaye hakuna mtu aliyekaa mbele yake akamwambia: haya, sema. Wazee wana msemo, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kwa Rwelekana nusu ya kwanza ya msemo ndiyo iliyotangazwa.

Na hapo ndipo nilipogundua kosa langu la pili. Swali la "nani alimuua Dian" nilikuwa nalitenga na swali la "Rwelekana alikufaje". Kumbe ni fundo moja. Siku alipokufa yule mtu, uwezekano wa kulijua la kwanza ulipungua kwa kiasi kikubwa, kwa sababu kama alishiriki aliondoka na majina ya wenzake, na kama hakushiriki aliondoka na ushahidi wa kwamba aliyeshiriki ni mwingine. Ama hivi ama vile, kesi ya Karisoke ilikufa katika chumba cha gereza.

WALIOBAKI MLIMANI

Vita vya mwaka 1990 na vilivyofuata viliipitia ile milima. Karisoke iliporwa na kubomolewa, na msitu ukaanza kuyameza mabaki. Gorila, hata hivyo, hawakuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walihesabiwa kama 250 hivi katika milima ya Virunga. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilipata 604 hapo Virunga, na ukijumlisha na wale wa msitu wa Bwindi, Uganda, gorila wa milimani wamezidi 1,000. Tangu mwaka 2017 mtalii hulipa Rwanda dola 1,500 kwa saa moja ya kuwatazama. Hata kaburi la mama yule aliyeupinga utalii limekuwa safari ya watalii: wanapanda kwa miguu, wanapiga picha, wanateremka.

Na kule upande wa Kongo, kwenye Hifadhi ya Virunga, askari wa wanyamapori zaidi ya 200 wameuawa kazini kwa miaka yote ya hifadhi hiyo. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, pale pale Dian alipozuiwa mwaka 1967, watu 17 waliuawa kwa siku moja, 12 kati yao wakiwa askari wa hifadhi. Filamu yao ya Hollywood iko wapi? Wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja kwa jina.

Simpunguzii Dian heshima yake. Bila ukaidi wake pengine gorila wale tungewasoma tu kama tunavyosoma mifupa ya Olduvai. Aliuawa kikatili, na damu yake bado inadai jibu. Lakini damu haina daraja. Anayedai jibu la Karisoke na asidai la gerezani, amedai nusu.

Vijana wenzangu tunaojifunza kuandika, tunapenda sana mauaji. Yanauza. Maiti ukurasa wa kwanza, muuaji ukurasa wa mwisho, katikati unaweka mapenzi kidogo. Nami nayapenda bado, siwezi kuwadanganya. Ila tunapochukua mauaji ya kweli, tuangalie tunamkabidhi nani lile panga. Mara nyingi tunampa yule ambaye hana ndugu wa kuja kutugongea mlango.

Sura yangu ya kwanza nimeichana. Mpya inaanzia gerezani, usiku, na mle ndani kuna mtu mmoja ambaye bado yu hai na hana macho mekundu. Sijajua atasema nini. Nimefika mahali anapoinua kichwa kwa sababu amesikia hatua za mtu koridoni, naye kazi yake maisha yote ilikuwa ni kusoma nyayo. Jumapili nitampelekea mzee.